Msalaba Ulioinama Mkononi mwa Bibi

Nimeandika somo hili mara tisa, na mara zote tisa nimelichana. Viongozi wa vijana kanisani kwetu waliniomba niongoze mazungumzo ya Jumamosi hii. Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, nadhani waliamini kwamba na mawazo yangu yatakuwa mazuri. Swali lenyewe walinitumia kwa simu: je, Mkristo achore tatuu? Nikajibu ndiyo, nitakuja, upesi upesi, kisha nikakaa kitandani nikijiuliza kwa nini sina akili.

Nikuambie mapema, msomaji wangu, ili usije ukaniona mnafiki baadaye. Wiki iliyopita mimi mwenyewe nilikwenda kwa mchora tatuu. Yuko Remera, hapa Kigali, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Nilikuwa nimebeba karatasi yenye msalaba mdogo, mrefu kama njiti ya kiberiti, nilioufanyia mazoezi kwa miezi. Kijana yule alikuwa mpole, amevaa glovu nyeusi, meza yake safi kuliko yangu. Aliitazama karatasi, akainamisha kichwa, akainamisha tena.

"Dada, huu msalaba umelala," akasema. "Nikunyooshee?"

Ungenijua ungecheka. Mimi ninachora kadi za harusi, kazi niliyojifunza peke yangu kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Herufi moja ikipanda juu kidogo, narudia kadi nzima. Nikiingia nyumbani kwa watu nanyoosha picha zilizo ukutani kabla sijakaa. Siku ile, kwa mara ya kwanza maishani, mtu alitaka kuninyooshea kitu, nami nikahisi kama ananiibia. Nikachukua karatasi yangu, nikasema nitarudi, nikashuka ngazi. Badala ya kupanda basi la kurudi Kinyinya ninakoishi, nikapanda la Kabuga.

Sikuwa nimefika Kabuga, nilikokulia, tangu tulipomzika bibi, miaka sita iliyopita. Barabara ya kwenda mashariki ni ileile, na pale sokoni nyanya bado zinapangwa mafungu mafungu juu ya magunia. Lakini uzio wetu wa minyaa, uliokuwa ukitoa maziwa meupe ukiukwaruza, haupo tena. Pana ukuta wa matofali ya saruji na geti la chuma. Pale palipokuwa jiko la bibi sasa wanauza mabati na misumari. Nikasimama ng'ambo ya barabara kama mtu aliyeahidiwa kupokelewa.

Nilipokuwa na miaka tisa, siku yetu ilianza na viatu vya mama. Alitoka alfajiri kwenda kazini mjini, viatu vizuri ameviweka kwenye mfuko na vya matope miguuni, nasi tulisikia hatua zake hadi barabarani. Baada ya hapo nyumba ilikuwa ya watu wawili, bibi na mimi. Nilifagia uwanja kwa mistari iliyonyooka, na kuku akipita juu yake nilifagia upya. Bibi alichemsha uji wa mtama, mwekundu, mchachu kidogo, akaniwekea kikombe dirishani upoe. Kisha tukaenda bombani na majerikani, yeye na la njano kubwa, mimi na dogo lililokuwa la mafuta ya kupikia, ambalo halikuacha kunuka mafuta hata siku moja.

Nyumbani tulisema Kiswahili, kwa sababu bibi alikulia Tanzania, kwenye makambi ya wakimbizi upande wa Karagwe, na ndiyo lugha aliyoipenda kwa hasira na kwa mzaha. Kiswahili hicho ndicho kilichomfanya apatane na jirani yetu, mwanamke Mwislamu aliyeshona nguo barazani kwake. Babu yake jirani alikuja na biashara kutoka pwani zamani, lakini Kiswahili cha jirani kilikuwa cha Kigali kabisa.

"Mukecuru, leo mimi iko na kazi mingi," alipiga kelele juu ya uzio. Mukecuru ni bibi kizee kwa Kinyarwanda, na mtu huitwa hivyo kwa heshima.

"Kazi nyingi, binti yangu. Nyingi! Kiswahili chako kimevunjika mguu."

"Basi kitachechemea mpaka kifike kwako. Leta chumvi."

Siku nzima cherehani yake ilisikika, ikisimama na kuanza, kama mtu anayesimulia jambo akisahau na kukumbuka.

Bibi alivaa mikono mirefu daima, isipokuwa akitwanga isombe. Hapo alikunja mikono hadi juu ya viwiko, akashika mchi, na majani ya muhogo yakaanza kutoa ile harufu yao ya kijani. Ndipo nilipouona msalaba. Ulikuwa ndani ya mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, rangi ya wino uliofifia. Ulipanda na kushuka pamoja na mchi. Na ulikuwa umepinda. Bawa la kulia lilizidi la kushoto, na wote kwa jumla uliinamia upande kama nguzo baada ya mvua kubwa. Mimi niliyepiga mstari wa pambizo kwa rula hata kwenye karatasi za kufungia sukari, nilitamani kuufuta ule mpindo na kuurudia.

"Bibi, nani alikuchora?"

"Dada yangu."

"Mbona umepinda?"

"Nililia."

Akaendelea kutwanga. Sikuuliza tena, na huenda nisingeuliza kamwe kama si chingamu.

Mwaka ule maduka yaliuza chingamu zenye karatasi ya picha ndani. Unalamba mkono, unabandika, unabonyeza, na unapobandua unabaki na joka au nyota kwenye ngozi. Jumapili moja watoto sita walifika shule ya Jumapili wakiwa na majoka. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwema, shati limepigwa pasi hata mgongoni, na alitupenda sana. Lakini majoka yale yalimtia hofu. Akatufungulia Agano la Kale, mahali ambapo Mungu anawakataza watu wake kujiandika alama mwilini. Akasema mwili ni nyumba ya Mungu, na kwamba anayechorachora ukuta wa nyumba ya Mungu atarudishwa mlangoni siku ya mwisho.

Tulitoka wote kwenda kuosha mikono. Mimi sikuwa na joka, lakini nilijisugua hata hivyo, ili nisiwe na shaka. Maji yakiwa yanatiririka ndipo nikaukumbuka mkono wa bibi.

Sijui kama umewahi kuwa mtoto wa namna yangu. Wiki ile sikula isombe. Nilimwona bibi mlangoni pa mbinguni, amevaa mushanana wake wa sherehe, mfuko mkononi, akiambiwa arudi. Kilichonitesa zaidi ni kwamba mimi nilijiona niko ndani. Kwangu sikuwa na wasiwasi, maana madaftari yangu yalikuwa safi. Ningekaa humo milele nikimtazama kupitia dirishani, na asingekuwepo wa kunipozea uji.

Jumatatu mchana bibi alilala kwenye mkeka. Nikachukua majivu na kamba za mgomba tulizosugulia vyombo, nikapiga magoti, nikaanza kazi.

"Wewe! Mimi ni sufuria?"

"Bibi, pana uchafu kidogo."

"Uchafu huo unamzidi mama yako umri. Uache ulale, na mimi nilale."

Ilibaki njia moja. Sikukuu ya Iddi ilikuwa imekaribia, na kwa jirani wanawake walikuwa wakija kupakwa hina. Nilikuwa nimeona jinsi ule ujiuji wa kijani kibichi unavyokauka na kuacha rangi ya chungwa. Nikaona kwamba rangi inayoweza kupaka juu ya ngozi inaweza pia kupaka juu ya msalaba. Alhamisi nikaenda barazani, nikasimama nyuma ya cherehani mpaka akaniona.

"Mama, unaweza kufunika kitu kwa hina?"

"Kitu gani, mwanangu?"

"Kilicho mkononi mwa bibi."

Akaacha kukanyaga. "Hina haifuniki wino. Hina iko kama chai. Kijiko unakiona tu chini."

"Jaribu."

"Bibi yako amekutuma?"

Sikujua kudanganya vizuri, na nilichukia kufanya jambo lolote nisilolijua vizuri. Jirani akainuka, akasogea kwenye uzio, akaita: "Mukecuru! Njoo! Mtoto wako amekuletea oda!"

Bibi akaja akijifuta mikono kwenye kanga. Aliposikia oda yenyewe akakaa kwenye kigoda na kunyoosha mkono. "Basi mpe anachotaka. Lakini kwanza aseme ni kwa nini."

Nikalia. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, mwalimu, majoka, mlango, dirisha. Nilitegemea bibi atacheka au atakasirika. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimwambia jirani, "Paka, binti yangu," na jirani akaanza kumchora maua, akianzia kifundo na kupanda, jani kwa jani, mpaka akaufikia msalaba na kupitisha ua kubwa juu yake.

Mtu aliyepakwa hina hawezi kwenda popote. Hawezi kutwanga, hawezi kusonga ugali, hawezi hata kujikuna. Ndiyo maana, nafikiri, habari ile ilitoka siku ile. Bibi hakuwa na la kufanya ila kukaa na kusema.

Alisema dada yake alimzidi miaka mitatu. Walikuwa wakijifunza katekisimu pamoja kambini. Dada akapata mchumba wa mbali, upande wa Uganda, na harusi ikawa ya wiki iliyofuata. Hawakuwa na picha. Hawakujua kama barua zingefika, wala wapi zingetumwa. Basi wakachukua sindano ya kushonea na masizi ya koroboi, wakaenda nyuma ya nyumba. Walichagua msalaba kwa sababu ndio mchoro pekee ambao wote wawili walijua kuuchora. Bibi alianza kumchoma dada yake, na dada hakutikisika, ukatoka umenyooka. Kisha zamu ikageuka.

"Mimi nililia kabla sindano haijagusa," bibi akasema. "Nilivuta mkono. Akaniambia, tulia we mjinga, utapinda. Nikavuta tena. Ukapinda."

"Mkaonana tena?" jirani akauliza.

"Hapana. Tulisikia tu kwamba amefariki, na hata hilo tulilisikia limechelewa."

Bado nakumbuka harufu ya hina ile, harufu ya majani yaliyonyeshewa. Ilipokauka tuliibandua kwa mafuta na maji. Maua yakatokea ya chungwa, mazuri kuliko yote niliyowahi kuona. Na katikati ya ua kubwa, mweusi kuliko jana, msalaba. Sasa hata kipofu angeuona.

"Nilisema," jirani akanong'ona.

Jumapili bibi alivaa blauzi ya mikono mifupi, ambayo hakuwahi kuivaa kanisani. Ibada ilipoisha akanishika mkono, akaenda moja kwa moja hadi barazani alipokuwa mwalimu akikusanya vitabu vya nyimbo. Watu wakageuka. Mama mmoja wa kwaya akautazama mkono, akaguna.

"Na hina juu yake! Mukecuru, umesilimu?"

"Bado. Nangoja kwanza nionje pilau."

Kisha akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, huyu mtoto hali."

"Anaumwa?"

"Anasema umenifungia mlango."

Mwalimu akauona mkono. Nikamwona akikumbuka maneno yake, na shati lake lililonyooka likawa kama limembana shingoni. "Mukecuru, mimi sikujua kama wewe una..."

"Najua hukujua. Ndiyo maana nimekuja mikono mifupi."

Akamsimulia, kwa maneno machache kuliko aliyotupa sisi kwa jirani. Mwalimu hakumkatiza. Mwishoni hakuomba radhi wala hakujitetea, alisema tu kwamba atakwenda kufikiri. Nilirudi nyumbani bado nina njaa na bado sijui.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele yetu bila kitabu. "Watoto," akasema, "ule mstari niliwasomea sawasawa. Lakini maneno ya kurudishwa mlangoni yalikuwa yangu. Niliyaongeza mimi. Mkiniuliza kama mtu aandike mwili wake, bado nasema asiandike. Mkiniuliza nani atarudishwa, sijui."

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akisema sijui kwa sauti ile, kama mtu anayeweka mzigo chini. Mchana huo nilikula isombe sahani mbili, na bibi aliongeza tu.

Miaka michache baadaye, nilipokuwa na umri aliokuwa nao yeye siku ya sindano, nilimwomba anichore wangu. Nilidhani atafurahi. Alikataa kabla sijamaliza.

"Mimi nilichorwa kwa sababu hatukuwa na karatasi," akasema. "Wewe una madaftari mangapi?"

"Ulijuta, bibi?"

"Nilijutia sindano. Dada yangu sikumjutia."

Hayo ndiyo yote aliyowahi kunifundisha juu ya tatuu. Yananitosha zaidi ya yale masomo tisa niliyoyachana, ingawa sijui kuyapanga kwa vipengele.

Basi nimesimama ng'ambo ya duka la mabati, nawaza hayo, nikasikia cherehani. Ilisimama, ikaanza. Nikavuka barabara, nikapita kichochoro cha pembeni, na nyuma kabisa, kwenye chumba kimoja chenye pazia la maua, alikuwa jirani yetu. Macho yake yamepungua. Alinitambua kwa sauti.

"Wewe ni yule wa oda," akasema.

Alinipa chai na mandazi ya asubuhi, yamekauka kidogo, matamu. Tukamtaja bibi, tukamtaja mama, tukataja kuku waliokuwa wakiharibu mistari yangu. Kisha nikatoa karatasi yangu na kumwambia nilikotoka. Aliisogeza karibu na dirisha.

"Huu si wenyewe," akasema. "Umeuinamisha sana. Wake uliinama kidogo tu, kama mtu anayesikiliza."

Miezi yote ile ya mazoezi, na bado nilikosea. Ajabu ni kwamba sikutamani kuufuta na kuurudia. Nilicheka, naye akacheka, kisha nikamwuliza kama bado ana hina.

Alikuwa nayo. Nikakunja mkono wa kushoto. Alichora polepole, pua karibu na ngozi yangu, kuanzia kifundo, jani kwa jani, maua yaleyale. Alipofika chini ya kiwiko akainua mkono wake.

"Msalaba mimi sichori, mwanangu. Mungu wangu ananiona."

"Najua, mama. Acha tu."

"Siachi. Ngoja."

Akachora petali za ua kubwa kuzunguka, zikikaribiana, zikikwepana, na katikati akabakiza ngozi tupu. Nilipotazama niliona amebakiza nafasi ndogo, nyembamba, ndefu kama njiti ya kiberiti, bawa moja limezidi jingine. Imeinama kidogo tu.

"Hapo katikati mimi siingii," akasema. "Hapo ni pa mukecuru."

Nilirudi kwa pikipiki, mkono nimeunyoosha pembeni ili hina isiguse kitu, na dereva aliniuliza mara mbili kama nimevunjika. Nilifurahi njia nzima. Uzio haupo, jiko halipo, kinu sijui kilikwenda wapi, na ule msalaba wenyewe uliingia ardhini pamoja na bibi. Wa dada yake uko ardhini upande wa Uganda, umenyooka, na hakuna aliye hai anayejua ni wapi.

Kwa mchora tatuu sitarudi. Bibi alishanijibu, na madaftari bado ninayo. Jumamosi nitakwenda kwa vijana bila karatasi, nimevaa mikono mifupi. Nitawasomea ule mstari sawasawa, wala sitauongezea mlango. Wakiniuliza nani atarudishwa nitasema sijui, na nitajitahidi kuiga sauti ya mwalimu wangu. Kisha nitawaonyesha mkono. Maua yatakuwa bado yanang'aa. Baada ya wiki mbili yatafifia, na ile nafasi ya katikati itafanana tena na ngozi yangu yote.